Mafuta ya Lubumbashi: Ukaguzi wa kampuni wafika hadi kwenye deni la serikali

Kilomita takriban 30 kaskazini mwa Lubumbashi uko mgodi wa shaba wa Kinsevere. Mjini kwenyewe kuna maelfu ya taksi-basi, pikipiki za abiria, vinu vya kusaga mahindi na mafundi wa kuchomelea vyuma. Wote hawa, mgodi na mji, wanategemea mafuta yanayoletwa kwa lori kutoka mbali, na mlango mkuu wa mafuta hayo ni mpaka wa Kasumbalesa. Lita ni ileile, lakini swali la nani anailipia kwa bei gani limekuwa moja ya hesabu ngumu kabisa za serikali ya Kongo.

Kila bei inapopanda au foleni zinapotokea vituoni, macho ya wengi huelekea kwa kampuni za mafuta. Zinaficha mafuta? Zinajipatia faida kupita kiasi? Mawaziri nao wamekuwa wakiuliza maswali hayohayo, wakituma wakaguzi kwenye maghala na vituo na kutishia adhabu.

Katika Kongo, hata hivyo, kampuni haipangi bei ya kituoni. Bei hupangwa na serikali yenyewe. Kwa hiyo ukaguzi unaoanzia kwenye pampu huishia kwenye daftari la Hazina, na hapo ndipo serikali inakuta jina lake.

Bei inatoka Kinshasa

Sheria ya Julai 2018 kuhusu uhuru wa bei na ushindani iliacha bei za bidhaa nyingi zipangwe na soko. Mafuta hayakuachwa. Pamoja na maji, umeme na usafiri wa umma, yalibaki miongoni mwa vitu ambavyo bei yake huamuliwa na dola. Waziri wa Uchumi wa Taifa hutia saini amri yenye jedwali refu, na mwisho wa jedwali hilo ndiyo bei ambayo mwenye kituo anatakiwa kuuza.

Nchi imegawanywa katika kanda nne za mafuta: Magharibi, Mashariki, Kaskazini na Kusini. Haut-Katanga na Lualaba zimo katika kanda ya Kusini. Sababu ya mgawanyo huo ni njia. Mafuta ya Kinshasa huja kwa bahari ya Atlantiki kupitia Kongo-Kati, na ya Lubumbashi huja kwa barabara kutoka upande wa Zambia. Gharama hazifanani, na bei hazifanani.

Ndani ya jedwali mna ngazi nyingi. Ya kwanza ni bei ya wastani ya mafuta yakiwa mpakani, inayofuata soko la dunia na thamani ya faranga ya Kongo mbele ya dola. Juu yake huongezwa gharama za maghala na usafirishaji, gharama na faida ya kampuni ya usambazaji, na mchango wa akiba ya dharura. Halafu huja sehemu ya dola: ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa, kodi ya ongezeko la thamani, yaani TVA, na tozo ya mfuko wa matengenezo ya barabara, FONER.

Anayenunua lita moja Lubumbashi anamlipa muuzaji wa kimataifa, mwenye lori, mwenye ghala, kampuni ya mafuta na serikali, vyote kwa noti moja. Ngazi ya faida ya kampuni imeandikwa humo na imewekewa kikomo. Kwa jedwali hilo peke yake, ni vigumu kampuni kumpunja mnunuzi bila kuvunja amri waziwazi.

Pengo linageuka deni

Tatizo huanza pale jumla ya ngazi zote inapopita bei ambayo serikali iko tayari kuitangaza. Kwa miaka mingi, serikali zilizopita Kinshasa zimeogopa bei halisi, kwa sababu mafuta yakipanda, nauli hupanda, na nauli ikipanda, mji huchemka. Njia iliyochaguliwa ikawa kutangaza bei ya chini na kuziahidi kampuni kwamba tofauti italipwa baadaye. Katika lugha ya wizara, tofauti hiyo huitwa hasara na mapato yaliyokosekana.

Mfano wa tarakimu za kubuni unaonyesha jinsi inavyokwenda. Tuseme gharama yote ya lita ni faranga 100 na serikali imeamuru iuzwe kwa 80. Kampuni iliyouza lita 1,000 inaidai serikali faranga 20,000. Ikiandika kwamba imeuza lita 1,200, dai linafika 24,000. Ikisema lita ilimgharimu 105 badala ya 100, dai linaongezeka tena. Dereva aliyejaza tangi lake hataona tofauti yoyote, kwa kuwa yeye amelipa 80 kama ilivyoamriwa. Anayeibiwa ni mlipa kodi, naye hana risiti ya kumwonyesha.

Ndiyo maana ukaguzi wenye maana Kongo ni ule wa madai. Je, lita zilizoandikwa ziliingia kweli nchini? Ziliuzwa hapa au zilipita kwenda kwingine? Bei ya ununuzi iliyotajwa ndiyo iliyolipwa? Na kodi zilizokusanywa kituoni zilifika Hazina, au zilizuiwa na kampuni kama malipo ya deni? Swali hili la mwisho ni zito, kwa sababu kukata deni kwenye kodi ni njia ambayo imetumika serikali inapokosa fedha taslimu. Deni linapungua kwenye karatasi, lakini pia mapato yaliyokuwa yajenge barabara na shule hayaonekani.

Mwaka 2022: pande mbili, lawama mbili

Udhaifu wa mpango huo ulionekana wazi mwaka 2022. Urusi ilipoivamia Ukraine mwezi Februari, pipa la mafuta lilipita dola 120 mwezi uliofuata. Bei za vituoni Kongo zilikuwa chini sana ya gharama hiyo. Pengo likapanuka wiki hadi wiki, na pamoja nalo deni la serikali kwa kampuni.

Foleni zilianza kuonekana Kinshasa, Lubumbashi na miji mingine. Vituo vilifungwa huku wauzaji wa mitungi ya plastiki kando ya barabara, ambao katika miji mingi ya Kongo huitwa Kadhafi, wakiwa na mafuta kwa bei yao wenyewe. Lawama zikaenda pande mbili. Kampuni zilisema haziwezi kuendelea kununua kwa dola na kuuza kwa hasara bila kulipwa. Upande wa dola ulizituhumu baadhi yao kwa kuzuia bidhaa makusudi ili kushinikiza.

Bei za juu zilikuwa na bei ya kisiasa pia. Mwishoni mwa Machi 2022, Bunge la Taifa lilimwondoa Waziri wa Uchumi Jean-Marie Kalumba kwa kura ya kutokuwa na imani, wabunge wakimlaumu kwa kushindwa kudhibiti kupanda kwa bei za bidhaa muhimu.

Wakati huohuo, serikali ilikuwa imejifunga kwa upande mwingine. Julai 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, liliidhinisha mkopo wa karibu dola bilioni 1.5 kwa Kongo, na suala la mafuta likawemo katika mazungumzo. Kilichotakiwa kilikuwa rahisi kusema na kigumu kutenda: madai ya kampuni yakaguliwe na kuthibitishwa kabla ya kulipwa, bei zisogezwe polepole kuelekea gharama halisi, na ruzuku isiwafikie wasioihitaji.

Mgodi unapokunywa mazutu ya ruzuku

Kwa wasioihitaji, jina la kwanza lilikuwa migodi.

Kinsevere ni mfano mzuri wa kwa nini migodi inakunywa mafuta mengi. Mgodi huo unaendeshwa na MMG, kampuni iliyoorodheshwa katika soko la hisa la Hong Kong na ambayo mwanahisa wake mkuu ni China Minmetals. Uliingia mikononi mwake mwaka 2012, iliponunua kampuni ya Anvil Mining kwa takriban dola bilioni 1.3. Shaba ya Kinsevere huyeyushwa kwa asidi kutoka kwenye mawe, kisha hunaswa kwenye mabamba kwa nguvu ya umeme. Umeme ukikatika, kazi ya mabamba inasimama.

Na umeme wa Katanga hukatika. Sehemu yake hutoka mbali, kwenye mabwawa ya Inga, kwa laini ya kilomita karibu 1,700 hadi Kolwezi iliyozinduliwa mwaka 1982. Shirika la umeme la taifa, SNEL, halina megawati za kutosha kwa migodi yote na miji yote kwa pamoja. Katika taarifa zake za uzalishaji, MMG yenyewe imetaja mara kadhaa umeme usiotulia na matumizi ya jenereta za dizeli. Mwaka 2024 Kinsevere ilitoa tani zaidi ya 44,000 za shaba, na upanuzi wake umelenga kufika tani 80,000 kwa mwaka.

Zaidi ya jenereta, kuna mashine za kuchimba, malori makubwa ya mawe na magari ya kusafirisha shaba hadi bandarini. Kwa ukanda mzima wa Haut-Katanga na Lualaba, katika nchi iliyotoa shaba zaidi ya tani milioni 3 mwaka 2024, mahitaji ya dizeli, au mazutu kama inavyoitwa Lubumbashi, ni makubwa mno kulinganisha na yale ya vituo vya mjini.

Hapo ndipo haki ilipopinda. Ruzuku ilielezwa kuwa ni ngao ya mama anayepanda basi kwenda sokoni. Lakini ruzuku inayotolewa kwa kila lita humfaidi zaidi anayenunua lita nyingi. Mama huyo alipata faranga chache kwenye nauli yake. Mgodi wenye matangi makubwa ulipata sehemu yake kwa kila tangi. Hakukuwa na kosa la kisheria kwa mgodi kununua kwa bei iliyotangazwa. Kosa lilikuwa katika mpango uliomhesabu mwenye pikipiki na mwenye mgodi kuwa ni mnunuzi mmoja.

Katika mageuzi yaliyofuata, serikali iliziondoa kampuni za madini kwenye bei ya ruzuku na kuziwekea hesabu yake. Hatua hiyo ilipunguza mzigo wa Hazina bila kugusa nauli ya mjini, jambo ambalo ni nadra katika siasa za mafuta. Hata hivyo ilizaa kazi mpya kwa wakaguzi. Palipo na bei mbili kwa bidhaa moja, huwapo anayetaka kununua kwa moja na kuuza kwa nyingine. Dizeli iliyoandikwa kuwa ni ya vituo inaweza kuishia kwenye tangi la mgodi. Na kwa kuwa migodi ina utaratibu wake wa forodha chini ya Kanuni ya Madini ya 2002, iliyorekebishwa 2018, dizeli iliyoingia kwa jina la mgodi nayo inaweza kurudi mjini bila kulipiwa ushuru kamili. Njia ya kuyajua haya si kusimama kituoni. Ni kulinganisha karatasi za forodha, za ghala, za kampuni na za mgodi, lita kwa lita.

Safari ndefu kutoka baharini

Hata ukaguzi ukifanywa vizuri, lita ya Lubumbashi haitakuwa rahisi kama ya Dar es Salaam. Kongo huchimba mafuta ghafi upande wa Muanda, kwenye pwani yake fupi ya Atlantiki, lakini huyauza nje yakiwa ghafi. Kiwanda cha kusafisha cha SOCIR kilichoko huko hakisafishi tena. Kila lita inayoingia kwenye gari la Mkongo imenunuliwa nje kwa dola.

Kwa kanda ya Kusini, njia mojawapo kuu huanzia bandari ya Dar es Salaam, hupita Tunduma na Nakonde, huvuka Zambia na kufika Kasumbalesa baada ya kilomita karibu 2,000. Bomba la TAZAMA, lililozinduliwa 1968, hutoka Dar es Salaam hadi Ndola, na tangu 2023 limegeuzwa lisafirishe dizeli iliyokwisha kusafishwa badala ya mafuta ghafi. Lakini bomba hilo huishia Zambia. Kutoka hapo ni lori, foleni ya mpaka na karatasi.

Zambia ni muhimu kwa sababu nyingine. Serikali ya Lusaka iliondoa ruzuku ya mafuta Desemba 2021, na tangu 2022 bei zake hupitiwa kila mwezi. Bei za pande mbili za mpaka zinapoachana, mitungi huvuka kuelekea kwenye bei ya juu. Kwa hiyo bei inayoamuliwa Kinshasa hujibiwa Kasumbalesa, na lita zilizolipiwa ruzuku na Mkongo zinaweza kumfaidi asiye Mkongo.

Majirani walipobana kampuni

Kongo si ya kwanza kuvutana na wafanyabiashara wa mafuta. Tanzania ilipambana nao mapema Agosti 2011. Mamlaka ya udhibiti, EWURA, ilishusha bei kikomo, na kampuni kadhaa zikaacha kuuza. Magari yalikwama, Bunge likawaka. EWURA ilijibu kwa kuisimamishia BP Tanzania leseni kwa miezi mitatu, ingawa serikali yenyewe ilikuwa na nusu ya hisa za kampuni hiyo. Baadaye Tanzania iliingia katika mfumo wa kuagiza mafuta kwa pamoja, ambapo shehena hushindaniwa kwa zabuni. Bei kikomo hutangazwa kila mwezi, na mwananchi anaweza kuona kwa kila lita kiasi kinachokwenda kwenye ununuzi, kodi na faida.

Kenya ilipitia hali iliyofanana zaidi na ya Kongo. Aprili 2022 vituo vilikauka, na serikali ikazishutumu kampuni kwa kuficha mafuta na kuyapeleka nchi jirani kwenye bei nzuri zaidi. Mkuu wa Rubis Energy Kenya, Jean-Christian Bergeron, alifukuzwa nchini. Lakini kampuni zilikuwa na hoja yao: serikali ilizidai ziuze kwa bei ya chini na ikachelewa kulipa mabilioni ya shilingi ya fidia. Mafuta yalirudi pale fimbo ilipofuatana na malipo.

Mifano hiyo miwili inafundisha jambo moja. Serikali inayodaiwa huwa na mkono mfupi. Inaweza kumfukuza mkurugenzi na kufunga kituo, lakini kampuni itajibu kwa ankara. Na ankara hiyo ikiwa haijakaguliwa, hakuna ajuaye ni kiasi gani cha ukweli na kiasi gani cha uongo kilichomo.

Bei ikishuka, nani anasikia?

Mwishoni mwa 2024 na mwaka 2025 kulikuwa na ahueni. Desemba 2024, chini ya Waziri wa Uchumi Daniel Mukoko Samba, bei ya petroli katika kanda ya Magharibi ilishushwa hadi chini ya faranga 3,000 kwa lita. Mwaka 2025 faranga ya Kongo ilipata nguvu mbele ya dola, na serikali ikawabana wafanyabiashara, wa mafuta na wa vyakula, washushe bei zao zifuate.

Lakini Lubumbashi ina hesabu yake. Punguzo la kanda ya Magharibi si punguzo la kanda ya Kusini mpaka amri ya kanda hiyo iseme hivyo. Na hata bei ikishuka kituoni, haishuki upesi mezani. Nauli iliyopanda kwa siku moja huchukua miezi kurudi. Dereva anayeona mafuta ni ghali hukatiza safari katikati, abiria akalipa mara mbili kwa njia aliyokuwa akilipa mara moja. Unga wa mahindi wa bukari, ambao kwa sehemu kubwa huletwa kutoka Zambia, hupanda pamoja na gharama ya lori lililouleta. Kinu cha mtaani kinachoendeshwa kwa dizeli hakina mahali pa kupeleka dai la hasara yake. Hulipa, kisha humwongezea mteja.

Huko ndiko tofauti ilipo kati ya walio ndani ya hesabu na walio nje yake. Kampuni ya mafuta ikipata hasara kwa amri ya serikali, ina daftari, ina mwanasheria na ina tarehe ya mazungumzo wizarani. Mgodi ukipandishiwa bei ya dizeli, una bei ya shaba ya London ya kuufidia. Mwenye pikipiki wa Lubumbashi ana bei ya leo tu.

Kinachopaswa kuonekana

Kwa hiyo ukaguzi wa kampuni za mafuta ni haki ya wananchi, na unapaswa kuendelea. Kampuni inayoficha mafuta wakati wa dhiki inastahili adhabu, na inayoongeza lita kwenye dai lake inastahili mahakama. Lakini ukaguzi wa aina hiyo haukamiliki ukiwa na upande mmoja.

Amri ya bei ikitangazwa, ngazi zake zote zinapaswa kutangazwa kwa kila kanda, kwa lugha ambayo dereva wa Lubumbashi anaielewa, ili aone kinachokwenda kwa kampuni na kinachokwenda kwa dola. Deni likithibitishwa, kiasi chake na waliolipwa vinapaswa kujulikana. Na lita za migodi zinapaswa kuhesabiwa peke yake tangu Kasumbalesa hadi kwenye matangi, ili ruzuku yoyote itakayobaki imfikie yule aliyetajwa kuwa sababu yake.

Serikali ikiyafanya hayo, itakuwa na nguvu ya kuiuliza kampuni swali lolote. Isipoyafanya, kila bei itakapopanda, wakaguzi watapelekwa tena vituoni, kamera zitawafuata, na deni litaendelea kukua kwenye daftari ambalo hakuna kamera inayofika.